Mji Mkongwe: Paa Kwanza, Mlango Baadaye

Takwimu za utalii za mwaka 2024 zilipoonesha kwamba Zanzibar imepokea wageni zaidi ya laki saba, mabishano ya kila mwaka yakaanza upya, na kama kawaida yakaishia Mji Mkongwe. Upande mmoja unasema hao ndio wanaouokoa mji: dola zao zinakarabati majumba yaliyokuwa yamekwisha, na bila wao Shangani ingekuwa kifusi. Upande wa pili unasema hao ndio wanaoumaliza: nyumba zinageuzwa hoteli, wenyewe wanahama, na vichochoro vimebaki vya mapapasi wanaowaandama wageni na maduka ya vinyago. Mimi naona pande zote mbili zimesimama mtaani zikiutazama mlango, wakati kinachoiangusha nyumba kiko juu ya paa. Mji Mkongwe unabomoka kwa sababu tatu: umiliki, kodi ya pango, na maji yanayoingia kwenye kuta, kwa mpangilio huo. Mtalii ni jambo la nne au la tano, na kumpa nafasi ya kwanza, iwe kwa sifa au kwa lawama, kunatuepusha na mazungumzo magumu baina yetu wenyewe.

Tuanze na kile mgeni anachokuja kukiona, kwa sababu hata hicho hakisomwi vizuri. Mwongoza watalii atampitisha Hurumzi, Kiponda na Malindi, atamwonesha milango: huu wa upinde wenye vichwa vya shaba ni wa Kihindi, ule wa juu mraba wenye aya ya Qur'ani ni wa Kiarabu, piga picha, twende. Milango ni mizuri kweli, lakini mlango ni sehemu ndogo kuliko zote za nyumba. Nyumba ya mtindo wa Oman imegeuka ndani: nje ni ukuta mnene usio na mapambo mengi, ndani kuna ua unaovuta hewa ya moto juu na kuingiza mwanga vyumbani bila kuingiza macho ya wapita njia. Nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi imegeuka nje: duka chini, familia juu, na roshani ya mbao iliyochongwa inayoning'inia juu ya barabara. Kuta zote hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, takriban mita tatu kwa upana. Baraza mbele ya nyumba ni kiti, ni meza ya biashara, na mvua ya masika ikifurika kichochoroni huwa ni njia ya kupitia.

Nyumba ya aina hii ina sharti moja: isikae na maji. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unameza unyevunyevu na kuutoa, kama mtungi unavyotoa jasho. Ukishaupiga plasta ya saruji kwa nje, maji yanayoingia kupitia ufa wa paa au bomba la choo hayana pa kutokea. Chokaa inalainika, chumvi inasukuma mawe, na ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta inaoza kimya kimya kwa miaka. Siku inapokatika, watu husema nyumba imechoka kwa uzee. Uzee hauhusiki. Nyumba nyingi za mji huu ni za karne ya 19 tu, wala si za kale kama tunavyopenda kuwaambia wageni, na zilijengwa na watu waliojua kwamba zitatengenezwa kila mwaka baada ya mvua. Kwa hiyo swali la uhifadhi, ukilivua koti la urithi wa dunia, ni dogo na la kuudhi: nani ana wajibu wa kupanda darini mvua zikiisha, na analipwa na nani?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Tajiri alikaa katika nyumba yake na kuikarabati kwa sababu ilikuwa heshima yake. Nyumba nyingine nyingi ziliwekwa wakfu: mwenye mali aliitoa nyumba au duka ili mapato yake yatunze msikiti, mayatima au ukoo wake, na msimamizi wa wakfu alitakiwa kwanza aitengeneze nyumba yenyewe, kisha ndiyo agawe kinachobaki. Huo ulikuwa mfumo wa matengenezo uliokamilika, wenye fedha, mtu na dhima ya kidini. Wanaoandika kuhusu Mji Mkongwe huumaliza kwa sentensi moja na kurudi kwenye milango, na hapo ndipo uchambuzi mwingi unapokosa mguu.

Mapinduzi ya 1964 yalibadilisha wakaazi na wamiliki kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zao zikataifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba ndani yake. Sitaki kueleweka vibaya: hakukuwa na haki yoyote katika mji ambao wengine walilala katika majumba ya ghorofa tatu na wengine, ng'ambo ya mkono wa bahari uliofukiwa, wakalala katika vibanda vya udongo na makuti. Kuwapa watu makaazi lilikuwa jambo la maana. Kosa lilikuwa la kiutawala. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ilipokea familia nne au sita, kila moja na jiko lake na ndoo zake za maji, kodi ikawekwa chini sana kwa sababu za kisiasa na kibinadamu, na hakuna aliyeambiwa paa ni la nani. Serikali ilikuwa mwenye nyumba asiye na fungu la ukarabati. Nyumba za wakfu nazo, zilizosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu, kodi zao zikabaki nyuma wakati bei ya mbao, mabati na mafundi ikipanda. Kila aliyekuwa na haki ya kuishi mle hakuwa na wajibu, na aliyekuwa na wajibu hakuwa na fedha.

Matokeo yalionekana mapema. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka kila msimu wa mvua, hali iliyofanya wataalamu wa Umoja wa Mataifa waitwe, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe. Ukafuata mpango wa uhifadhi uliotayarishwa na Aga Khan Trust for Culture mwaka 1994, kwa eneo lenye majengo yapatayo 1,700, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Anayesema utalii ndio unaoubomoa Mji Mkongwe anapaswa kujibu jambo moja hapa: watalii walikuwa wapi katika miaka ya 1970? Visiwa vilikuwa vimejifunga, hoteli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, wakaazi walikuwa wamejaa hadi ngazini, na huo ndio wakati mji ulipoharibika kwa kasi. Kati ya hoja zote zinazotolewa katika mjadala huu, hii ya kwamba tukiwafukuza wageni mji utapona ndiyo dhaifu kuliko zote. Inapendwa kwa sababu inampa lawama mtu asiyepiga kura.

Hoja ya upande wa hoteli ina nguvu zaidi, na haistahili kudharauliwa. Jengo la zamani la mawasiliano pale Shangani liligeuzwa kuwa hoteli ya Serena na kufunguliwa mwaka 1997. Hospitali ya zamani ya Tharia Topan, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1894, ilikuwa inakaribia kuanguka kabla ya Aga Khan Trust kuifufua. Hurumzi na mitaa ya jirani ina nyumba kadhaa ambazo, kama si mtu kuzigeuza nyumba za wageni, leo zingekuwa viwanja vya kuegesha pikipiki. Kuanzia miaka ya 1980 Serikali iliuza au kukodisha baadhi ya nyumba zake, na walionunua wakatia fedha ambazo hazina ya umma haikuwa nazo. Mwenye hoteli anapanda darini mvua zikiisha, kwa sababu mgeni aliyedondokewa na tone la maji usiku ataandika habari hiyo kabla hajapanda ndege. Wajibu, fedha na mtu vimekutana tena mahali pamoja. Hilo ni jambo ambalo Kamisheni ya Wakfu na idara za nyumba za serikali hazijaliweza kwa miaka sitini.

Lakini hoteli ni dawa yenye madhara yake, na madhara hayo hayako kule wanakotazama wanaolalamikia utamaduni. La kwanza ni maji. Nyumba iliyokuwa na vyoo viwili inakuwa na vyumba kumi na viwili, kila kimoja na bafu lake, bomba la maji moto na kiyoyozi kinachodondosha. Mabomba yanapitishwa ndani ya kuta ambazo, kama nilivyosema, haziwezi kukaa na maji. Ukarabati unaong'aa leo unaweza kuwa ndiyo chanzo cha ufa wa miaka kumi na tano ijayo, hasa pale mkandarasi alipotumia saruji kwa sababu fundi wa chokaa ni ghali au hakupatikana. La pili ni kwamba hoteli huchagua. Inataka mandhari ya bahari, au paa la kunywea chai jua likizama, au mtaa ambao teksi inafika karibu. Nyumba iliyomezwa ndani kabisa ya Mkunazini au Kajificheni, isiyo na mandhari yoyote isipokuwa ukuta wa jirani, haina mnunuzi. Na kwa kuwa nyumba hizi zimeegemeana ukuta kwa ukuta, ile isiyo na mnunuzi ikianguka huivuta ile iliyokarabatiwa. Soko linaweza kuokoa ukingo wa mji. Tumbo lake haliliwezi.

Jambo la tatu ni ukubwa. Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 pale Shangani lililowahi kuwa ofisi za serikali, lilikodishwa likawa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt iliyofunguliwa mwaka 2015, na pembeni yake likapandishwa jengo jipya kwenye uwanja uliokuwa wazi. Kamati ya Urithi wa Dunia haikufurahishwa na kimo chake, na tangu wakati huo jina la Zanzibar limekuwa likitajwa katika vikao vyake kwa wasiwasi. Baadhi yetu huona hayo ni ubabe wa Paris, yaliko makao ya UNESCO. Huenda upo. Lakini orodha ile inafutika: hifadhi ya Oryx ya Oman iliondolewa mwaka 2007, Dresden mwaka 2009, na Liverpool mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini. Hapo Mambo Msiige inatufunza kitu kuliko milango yote: mwekezaji alifanya kile ambacho mwekezaji hufanya, yaani kuomba nafasi zaidi. Aliyetakiwa kusema hapana ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni sisi.

Kuna hoja nyingine ambayo haitajwi sana, nayo naiona ndiyo nzito kuliko zote dhidi ya msimamo wangu. Inasema wakaazi wanahama kwa hiari yao. Kijana aliyezaliwa Sokomuhogo anataka pa kuegesha gari, chumba chenye dirisha pana, choo kisichoshirikiwa na majirani, na ngazi ambazo mama yake mwenye maumivu ya magoti anaweza kuzipanda. Anavipata Fumba, au Mombasa ya Unguja, au popote penye kiwanja. Kumlazimisha abaki ili mgeni apate picha ya mzee anayecheza bao barazani ni dharau. Nakubaliana na karibu kila neno. Nimeingia nyumba ya Kiponda ambamo beseni tatu zilikuwa zimepangwa ukumbini kukinga mvua, na binti wa nyumba akaniuliza, bila chuki, kama ningekubali mwanangu alale chini ya dari ile. Sikuwa na jibu, na anayeandika kuhusu uzuri wa Mji Mkongwe akiwa analala nyumba ya tofali mjini kwingine anapaswa kuwa na haya kidogo.

Hata hivyo hoja hiyo inachanganya mambo mawili: nyumba ya zamani, na nyumba ya zamani isiyotengenezwa. Beseni ukumbini hazikuwekwa na Sayyid Barghash. Sultani huyo huyo wa karne ya 19 aliuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi ya nje, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga mwaka 1883 ilikuja kuwa na taa za umeme na lifti wakati miji mingi ya Afrika haijaviona. Mji Mkongwe ulikuwa mahali pa mambo mapya. Hata Waingereza walipokuja, msanifu wao J. H. Sinclair, aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit al-Amani lililofunguliwa mwaka 1925, hakujenga nakala ya London. Alichukua kuba na matao akayachanganya na vyake. Kwa hiyo hakuna kitu katika asili ya mji huu kinachokataza choo kizuri, umeme salama na paa lisilovuja. Anayekimbia Sokomuhogo hakimbii matumbawe. Anamkimbia mwenye nyumba asiyekuja.

Na hilo linatufikisha Beit al-Ajaib, ambayo ndiyo iliyofanya nchi nzima ishtuke. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa jumba hilo uliporomoka ukiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na mafundi wawili wakafa. Tulisoma tukio lile kama msiba wa urithi. Tulipaswa kulisoma kama ripoti ya ukaguzi. Jumba hilo halikuwa na wapangaji maskini, halikuuzwa kwa mgeni, lilikuwa la Serikali, liko mbele ya bahari, kila mtu anapiga picha mbele yake, na lilikuwa limefungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu lilijulikana kuwa hatari. Likiwa na umaarufu wote huo bado lilisubiri mfadhili hadi likachelewa. Sasa piga hesabu ya nyumba ya wakfu kule Malindi isiyo na jina kwenye ramani ya watalii: nani atakayeisubiria mfadhili?

Kinachofuata kutoka hapa si kizuri kisiasa, na ndiyo maana hakisemwi. Kodi za nyumba za serikali na za wakfu ndani ya Mji Mkongwe lazima zipande hadi zitoshe angalau kutengeneza paa na mabomba, na wasio na uwezo walipiwe tofauti hiyo waziwazi, kwa fungu lenye jina, badala ya kulipiwa na nyumba yenyewe inayoliwa kidogo kidogo. Mpangaji anayelipa kidogo sana leo anadhani amepewa nafuu, wakati anadaiwa ukuta. Wakfu zirudishwe kwenye kanuni yake ya kwanza: mapato yaanze kwenye dari, kisha ndiyo yaende kwa wanufaika. Ziko njia ambazo tayari zimejaribiwa: jengo refu la Treni pale Darajani lilikarabatiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, yaani fedha za wafanyakazi wa hapa hapa, na hakuna aliyehitaji kulifanya hoteli. Mfuko wa jamii una subira ambayo mwekezaji wa hoteli hana, na hauna haja ya mandhari ya bahari.

Fedha nazo si kisingizio tena. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya dola 44. Sizungumzii uzuri wala ubaya wa bima hiyo. Nasema tu kwamba tumeshaonesha tunaweza kumtoza mgeni kabla hajashuka kwenye ndege, na watu hawajaacha kuja. Dola moja kwa kila mgeni, kwa idadi ya mwaka 2024, ni zaidi ya dola laki saba kwa mwaka: haitoshi kujenga jumba hata moja la kifalme, lakini inalipa mafundi wengi wa chokaa, wakiwa na ngazi, ndoo na orodha ya paa za kukagua kila baada ya masika. Fundi wa chokaa wa leo anazeeka, na kijana hajifunzi kazi inayotafutwa mara moja kwa miaka mitatu mfadhili anapopatikana. Kazi ya kila msimu ingemfundisha bila hata chuo.

Mgeni naye, kwa kuwa yupo na ataendelea kuwepo, anaweza kuoneshwa kitu kingine. Mwongoza watalii anayejua kazi yake angemsimamisha mbele ya ukuta uliopigwa saruji ukitoka majipu, kisha mbele ya ule wa chokaa ulio mkavu, na akamweleza tofauti. Angempitisha Jaws Corner asubuhi, kahawa inapouzwa na siasa zinapobishaniwa, akamwambia kwamba baraza ile ina mwenyewe na wenyewe wanaishi juu. Ziara ya namna hiyo ingempa mji wa watu wenye shida na ustadi, na hata mlango angeutazama vingine.

Beit al-Ajaib itakapofunguliwa tena kutakuwa na hotuba, ngoma na mabalozi. Waandishi watakaokuwepo waulize bajeti ya matengenezo ya mwaka wa pili ni kiasi gani, inatoka fungu lipi, na nani ametajwa kwa cheo kuwa atapanda juu ya paa mvua za Mei zikikatika. Kisha waulize hayo hayo kuhusu nyumba kumi za wakfu zilizo karibu nalo.